Mwindaji Atosheke na Nini?



Swali letu la safari hii laweza kuonekana geni. Wako wawindaji, hasa Marekani na Ulaya, wanaowaomba watengenezaji wa bunduki wawape zaidi: bunduki ya kuwindia inayojijaza yenyewe ipatikane kwa risasi za ukubwa mbalimbali, na mtutu, kitako, kifyatuo na darubini vibadilishwe kama mwenyewe apendavyo. Je, kutaka hivyo ni vibaya? Na sisi wa Ulyankulu, ambao wengi wetu twaijua bunduki kwa sura ya gobore la mhunzi, tunalo la kusema? Nadhani tunalo, kwa maana habari ya bunduki ilipita mlangoni petu zamani.

Kwanza tumtendee haki mwindaji. Ukubwa wa risasi si urembo. Risasi impasayo digidigi haimfai nyati. Kwa muda mrefu wawindaji wa Afrika Mashariki wameihesabu risasi ya .375, iliyotoka Uingereza mwaka 1912, kuwa kipimo cha chini kwa wanyama wa hatari. Ampigaye nyati kwa risasi hafifu huenda akamjeruhi tu, na mnyama akafa polepole porini, au akamwua mpita njia asiye na kosa. Kitako nacho kikiwa kirefu mno, bega halikai mahali pake na shabaha hupotea. Na hiyo bunduki inayojijaza yenyewe, ambayo Remington waliiuza tangu mwaka 1906 kwa ufundi wa John Browning, hutumia nguvu ya risasi ya kwanza kutoa ganda na kuingiza risasi ya pili. Mnyama aliyejeruhiwa aweza kumalizwa upesi, na hiyo ni huruma.

Basi, kutaka chombo kifaacho si tamaa. Hata Daudi alipoyavua mavazi ya vita ya Sauli kwa kuwa hakuyazoea, aliokota mawe matano kijitoni, wala si moja.

Lakini tuangalie upande wa pili. H. M. Stanley alipofika Unyanyembe mwaka 1871 alikuwa na bunduki za kila namna: Winchester ya kupiga mara kumi na sita, Henry, bunduki nzito ya tembo, na nyingine za kupakiwa nyuma. Mwezi wa Agosti akajiunga na Waarabu wa Tabora kumpiga Mirambo. Soud bin Sayd aliongoza watu kama mia tano mpaka hapa kwetu, mahali Stanley alipopaandika Wilyankuru, wakauteka mji. Mirambo akatoka upande mwingine, akajificha na watu wake katika majani marefu kando ya njia. Washindi walirudi wameelemewa na pembe za ndovu, nguo na watumwa. Hapo Mirambo akawatokea, naye Soud akauawa pamoja na wengi wa watu wake. Stanley, aliyekuwa na homa huko Zimbizo, akakimbia na wenzake mpaka Mfuto. Tamaa mbele, mauti nyuma. Bunduki hazikukosekana siku ile, lililokosekana ni mtu wa kusema, "Yatosha."

Mirambo naye hakuwa mtakatifu. Alizitaka bunduki na baruti, na pembe ndizo zilizozinunua. Tembo wakatoweka karibu nasi, na misafara ikazidi kwenda mbali kuzitafuta, mpaka Umanyema. Alipokufa mwaka 1884, dola yake ilivunjika upesi. Bunduki zilibaki.

Mwindaji wa leo atajibu: "Mimi siendi vitani, wala siwindi pembe." Ni kweli. Hata hivyo ajiulize: nikipata mtutu mpya na risasi mpya, je, nitamkaribia mnyama zaidi kabla ya kupiga, au nitapiga nikiwa mbali zaidi? Nikijua kwamba risasi ya pili i tayari, je, ile ya kwanza nitailenga kwa uangalifu uleule? W. D. M. Bell, aliyewinda Karamoja mwanzoni mwa karne ya ishirini, aliwaua tembo zaidi ya elfu moja, wengi wao kwa risasi ndogo, kwa kuwa alijua sana mahali pa kupiga. Simtoi kuwa mfano wa kiasi, la! Tembo elfu ni wengi mno. Namtaja tu kuonyesha kwamba maarifa ya mwindaji hayauzwi dukani pamoja na mtutu.

Liko neno jingine, nalo ni zito. Ni rahisi kumwambia mwenzako atosheke. Mwaka 1890 mataifa yalipatana huko Brussels kuzuia bunduki za kisasa zisiingie sehemu kubwa ya Afrika. Gumegume za zamani ziliruhusiwa, na msafiri aliweza kupewa kibali cha silaha zake mwenyewe. Sababu iliyotajwa, yaani kukomesha biashara ya watumwa, ilikuwa njema. Lakini waliopima kiasi cha kumtosha Mwafrika hawakuwa Waafrika. Hata sasa, mwenye fedha huchagua bunduki tatu kwa safari moja, na mwanakijiji anayelinda mihogo yake dhidi ya nguruwe hana ila gobore liwezalo kumpasukia usoni. Tukihubiri kiasi, tuanze kwa mwenye vingi.

Kwa hiyo naona hivi. Achague mwindaji risasi impasayo mnyama na kitako kinachokaa begani pake; huo ni wajibu wake. Afuate na sheria, kwa maana hapa Tanzania bunduki huhitaji kibali, na kuwinda huhitaji kibali chake. Lakini kila anapotaka kuongeza, aulize faida ni ya nani. Ikiwa mnyama atateseka kidogo zaidi na jirani atakuwa salama zaidi, aongeze. Ikiwa ni kwa kupendeza macho yake tu, ajue kwamba haja ya namna hiyo haina mwisho. Hata akipewa mitutu kumi, atauliza habari za ule wa kumi na moja.