Nani Aliyehama Kwanza?

Yanga ilipomtangaza Clatous Chama kuwa mchezaji wake, Julai 1, 2024, wapenzi wa Simba walikuwa na neno moja tu: msaliti. Hakuwa ameiba kitu. Mkataba wake na Simba ulikuwa umekwisha, na mchezaji ambaye mkataba wake umekwisha ni mtu huru kama fundi aliyemaliza kuezeka nyumba. Kilichowauma watu ni huko alikokwenda. Novemba 5, 2023 Yanga ilikuwa imeitandika Simba 5-1, naye Chama akiwa wa upande uliotandikwa. Yanga hiyohiyo ilikuwa imekwisha kubeba ubingwa mara tatu mfululizo. Akaenda kwa walewale waliomdhalilisha, na msimu uliofuata akawa bingwa pamoja nao.

Marekani wanaujua ugomvi huu kwa jina la Kevin Durant. Mwaka 2016 timu yake ya mpira wa kikapu, Oklahoma City Thunder, iliongoza kwa michezo 3-1 dhidi ya Golden State Warriors, kisha ikapoteza mitatu iliyobaki. Wiki chache baadaye Durant alisaini kwa Warriors. Akatwaa ubingwa 2017, akautwaa tena 2018, na mara zote mbili akatajwa mchezaji bora wa fainali. Hadi leo wapo wanaosema mataji yale hayahesabiki.

Hayahesabiki kwa hesabu gani? Huku kwetu Rugera, mkoani Kagera, na Karagwe na Kyerwa nzima, swali hilo lina jibu la zamani kuliko Durant. Vijiji vinapogombea mbuzi kwa mpira, haikosi timu inayoleta mamluki: vijana wawili watatu kutoka mjini, waliofika na pikipiki asubuhi, hata majina yao hayajulikani. Timu inashinda, mbuzi anachinjwa, nyama inaliwa. Mbuzi ni mbuzi, hakuna aliyewahi kukuta nyama ya ushindi wa mamluki haina chumvi. Lakini ushindi huo hausimuliwi. Miaka inapita, na watu wanakumbushana ile mechi nyingine, ambayo kipa alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na aliyefunga ni mtoto wa jirani. Kuna kitu kinachoshindaniwa ambacho hakimo ndani ya mbuzi. Kila mechi inauliza: sisi, jinsi tulivyo, tunawaweza wale? Mamluki anakupa jibu la swali ambalo hukuuliza.

Nadhani hapo ndipo penye lawama ya haki dhidi ya nyota anayehamia kwa mpinzani aliyemshinda. Hana kosa la kutoupenda mji au jezi. Ila swali lililokuwa kati yake na mpinzani amelifuta kabla halijajibiwa. Chama akiwa Simba, kila dabi ilikuwa na jambo la kuthibitishwa. Alipovuka, hakuna aliyelithibitisha, si yeye wala Yanga.

Lakini nina shaka kama hasira zetu zinatoka huko kweli. Mtazame Feisal Salum. Desemba 2022 alitaka kuondoka Yanga, kesi ikafika kwenye shirikisho la soka, TFF, kamati ikasema yeye bado ni wa Yanga kwa mujibu wa mkataba. Juni 2023 Rais Samia Suluhu Hassan mwenyewe aliwaomba viongozi wa Yanga walimalize jambo lile, ndipo kijana akaenda Azam. Huyu hakufuata kombe. Alilikimbia: aliiacha timu iliyokuwa bingwa, ambayo iliendelea kuwa bingwa, akaenda kwenye timu ambayo mara ya mwisho kutwaa taji la ligi ilikuwa 2013/14. Je, alipigiwa makofi kwa kuikataa njia ya mkato? Alitukanwa kwa maneno yaleyale. Tunachotaka basi ni mchezaji akae tu, liwalo na liwe, na huku kwetu anayedai hivyo ni mkulima ambaye miaka ile bei ya kahawa ya Uganda ilipokuwa nono alikuwa akivusha magunia Mto Kagera usiku, ushirika ukibaki na mizani mikavu. Simlaumu mkulima. Nasema tu kwamba mguu wa mpira hauzai kwa muda mrefu kama mbuni.

Tuje kwenye kisa kilichobadili ligi yetu kuliko cha Chama, na ambacho hakikupigiwa kelele nyingi. Mwaka 2017 Simba, iliyokuwa imekaa misimu mitano bila ubingwa, iliwachukua kutoka Azam watu wanne: Aishi Manula, Shomari Kapombe, Erasto Nyoni na nahodha John Bocco, ambaye Azam ndiyo iliyomkuza na yeye ndiye aliyeikuza. Hesabu iliyofuata inajulikana. Simba ilichukua mataji manne mfululizo, 2017/18 hadi 2020/21. Azam haikulishika tena lile kombe hadi msimu wa 2024/25 unakwisha. Timu ya tatu, iliyoonekana itauvunja utawala wa watani wawili wa Kariakoo, ilitolewa uti wa mgongo kwa dirisha moja la usajili. Bocco akakaa Simba hadi 2024, akavaa kitambaa cha unahodha, akazeekea pale kimpira. Kumwita mamluki mtu aliyekaa miaka yote hiyo ni kuonea. Kwake uhamisho ulipata maana baadaye, kwa kukaa.

Matunda ya kwanza ya usajili ule yalipaswa kuliwa Mei 19, 2018, Uwanja wa Taifa. Simba ilikuwa imekwisha kuwa bingwa, haijafungwa hata mechi moja ya ligi msimu mzima, na Rais John Magufuli alikuja kukabidhi kombe. Mgeni wa siku hiyo alikuwa Kagera Sugar. Kagera Sugar, timu ya kiwanda cha sukari cha Missenyi na ya uwanja wa Kaitaba, ikashinda 1-0 kwa bao la Edward Christopher. Golini alisimama Juma Kaseja, mtu aliyelinda nyavu za Simba na za Yanga kwa nyakati tofauti, akapangua penalti ya Emmanuel Okwi, naye mtu wa pande zote mbili. Ushindi ule haukubadili chochote juu ya msimamo wa ligi. Kombe lilikabidhiwa kama lilivyopangwa.

Kisa hiki kinatugusa sisi. Mkoa wetu uliwafunga mabingwa mbele ya Rais, na nusu ya watu wa huku walinuna, kwa kuwa ni Simba. Nusu nyingine ilicheka, kwa kuwa ni Yanga na mtani amefedheheka. Aliyeshangilia kwa sababu Kagera imeshinda, ungemtafuta kwa tochi. Tulihama zamani, wote, bila mkataba wala ada ya usajili, tukajiunga na vigogo wa Dar es Salaam. Wapo watakaojitetea kwamba hawakuchagua: redio ilifika Karagwe kabla ya mpira wa Bukoba, na mtu alirithi timu kwa baba yake kama alivyorithi shamba la migomba. Utetezi huo una uzito, na nauongezea mwingine: shabiki wa Simba alikaa ile misimu mitano ya ukame, na wa Yanga alikaa minne. Kukaa kwao ni kwa kweli, kama kwa Bocco. Hata hivyo timu walizorithi ni zile zilizokuwa zikishinda na kutangazwa, na sababu yenyewe ya kurithika ndiyo hiyo. Nyota anayehamia kwa mwenye nguvu anafanya kwa hesabu kile ambacho sisi tulifanya kwa mazoea, na yeye walau ana watoto wa kulisha.

Msimu wa 2024/25 Kagera Sugar ilishuka daraja. Miezi hiyo ubishi uliojaa vijiweni, kuanzia Kayanga hadi Murongo, ulihusu dabi ya Kariakoo iliyoahirishwa Machi 8: ichezwe au isichezwe, na nani apewe pointi. Ilichezwa Juni 25, Yanga ikashinda 2-0.