Nahodha wa Sataranji Aliyenyimwa Nyota

Mwaka 2014 wahandisi wa Amazon walianza kuunda programu ya kuchuja maombi ya kazi. Kila afisa ajira angeitamani: unaikabidhi maombi mia, inakutolea matano bora. Kila mwombaji alipewa nyota, kuanzia moja hadi tano, kama wanunuzi wanavyozipa bidhaa kwenye tovuti ya kampuni hiyohiyo.

Ili ijue mfanyakazi anayefaa yukoje, iliingiziwa wasifu uliopokelewa kwa muda wa miaka kumi. Kosa liliingilia hapo. Sehemu kubwa ilikuwa ya wanaume, maana ndio waliojaa katika kazi za kompyuta. Hakuna aliyeiagiza programu iwabague wanawake. Iliyatazama ya nyuma ikayashika. Mwombaji aliyeandika kwamba aliwahi kuwa nahodha wa klabu ya sataranji ya wanawake alipunguziwa alama kwa sababu ya neno hilo la mwisho. Wahitimu wa vyuo viwili vya wanawake watupu nao walishushwa.

Wahandisi waliirekebisha isiyahesabu maneno hayo. Lakini programu ilipendelea hata vitenzi ambavyo wahandisi wanaume huvitumia zaidi wanapojieleza. Ukishafuta neno "wanawake", utafuta na mtindo wa mtu wa kuandika? Hakuna aliyeweza kuhakikisha kwamba haitabuni njia nyingine ya kubagua. Kufikia mwanzoni mwa 2017 timu ilikuwa imevunjwa. Reuters ikaifichua habari hiyo mwaka 2018. Amazon ilisema maafisa wake hawakuwahi kuitumia kupima waombaji.

Hapo angalau waundaji walikagua wenyewe. Ninaloliogopa zaidi ni mwombaji kuachiwa kazi hiyo, naye hana hata fununu ya kwa nini amekataliwa. Nchini Marekani, tume ya usawa kazini iliishtaki iTutorGroup, kampuni ya kufundisha Kiingereza mtandaoni, kwa kuipanga programu yake ikatae wanawake wa miaka 55 na zaidi na wanaume wa miaka 60 na zaidi. Kwa mujibu wa mashtaka, mwombaji mmoja aliyekataliwa alirudisha maombi yaleyale, akabadili tarehe ya kuzaliwa tu, akaitwa kwenye usaili. Jaribio jepesi kama hilo mwajiri angeweza kulifanya kabla ya kutangaza nafasi. Mwaka 2023 kampuni, bila kukiri kosa, ilikubali kulipa dola 365,000, zigawiwe waombaji zaidi ya 200 iliokuwa imewakataa.