Huzuni ya Hiari: Swali la Kidini Ndani ya Muziki wa Doom

Katika kitabu cha tatu cha Maungamo, Agostino wa Hippo, mwanateolojia Mkristo wa kale, anauliza kwa nini mtu huenda kwenye ukumbi wa maigizo kutafuta huzuni ya misiba ambayo asingependa impate yeye mwenyewe, na kwa nini hufurahi zaidi kadiri anavyolizwa. Naye anaihesabu hamu hiyo kuwa maradhi ya nafsi, kwa kuwa huruma inayoamshwa na mchezo haimsaidii mtu yeyote. Swali hilo linaugusa moja kwa moja muziki wa doom, yaani tawi zito na la polepole la muziki wa metali, ambamo nyuzi za gitaa hulegezwa hadi sauti izame chini, mapigo ya ngoma huachana kwa nafasi ndefu, na maudhui hurudi mara kwa mara kwenye majuto, kifo na Mungu anayeonekana kuwa mbali. Chimbuko lake ni Black Sabbath, kundi la Birmingham, Uingereza, ambalo mpiga gitaa wake, Tony Iommi, alikatwa ncha za vidole viwili kiwandani, na kufikia albamu yao ya mwaka 1971 alikuwa amelegeza nyuzi ili zisimtese, hata ikawa sehemu ya uzito wa muziki huo imetokana na jeraha la kweli. Kundi hilo halihitaji kupendekezwa kwa mtu. Wanaomjibu Agostino kwa kina zaidi ni wengine, wasiojulikana sana hata miongoni mwa wapenzi wa metali.

Kabla ya kuwataja, inafaa asikilizwe mwanazuoni wa Kiislamu Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ambaye katika kitabu chake Ihya Ulum al-Din alitenga sehemu nzima kuhusu samaa, yaani usikilizaji wa nyimbo na sauti zenye mahadhi. Hoja yake ya msingi ni kwamba wimbo hauingizi moyoni kisichokuwamo, bali huchochea kilichomo tayari. Akifika kwenye maombolezo anaigawa huzuni mara mbili: ile ya kulaumiwa, ambayo ni kuyasikitikia yaliyokwisha kupita kwa namna inayofanana na kuipinga kadari ya Mungu, na ile ya kusifiwa, ambayo ni mtu kuulilia upungufu wake mwenyewe katika dini. Kipimo hiki ni bora kuliko lawama ya jumla ya Agostino, kwa sababu kinadai kila kazi ichunguzwe kama inachochea huzuni ipi kati ya hizo mbili.

Huzuni ya kusifiwa inasikika waziwazi katika albamu ya kwanza ya Trouble, kundi la eneo la Chicago, iliyotoka mwaka 1984 kwa jina la kundi lenyewe na baadaye ikajulikana kama Psalm 9. Mwimbaji wao, Eric Wagner, aliyefariki mwaka 2021, aliimba habari za kishawishi, hukumu na wokovu kwa lugha iliyochotwa katika Biblia, wakati ambapo makundi mengi ya metali yalijipamba kwa alama za kishetani, na sauti yake ni ya mtu aliyemo ndani ya jaribu, si ya mhubiri aliyekwisha kulivuka.

Mfano mgumu zaidi, na ulio bora kuliko yote yanayotajwa hapa, ni Watching from a Distance, albamu ya mwaka 2006 ya kundi la Kiingereza liitwalo Warning. Haina mashetani wala makaburi. Ina nyimbo tano tu, gitaa linalorudia mafungu yaleyale kwa subira kubwa, na sauti wazi ya Patrick Walker, iliyo karibu sana na kilio, ikieleza upendo uliovunjika. Kwa juujuu hiyo ni huzuni ya kulaumiwa, kwa kuwa inalilia kilichopotea. Lakini kadiri nyimbo zinavyoendelea, msimulizi anajitazama zaidi kuliko anavyomshitaki mwingine, na udhaifu wake mwenyewe unakuwa ndio mzigo mkuu. Mwendo wa polepole wa muziki ndio unaoruhusu badiliko hilo, kwa maana malalamiko husemwa haraka, ilhali kujihoji kunahitaji muda.

Skepticism, kundi la Finland, wanastahili kutajwa kwa Stormcrowfleet ya mwaka 1995, ambayo ni ya mkondo uitwao doom ya mazishi, ambamo mwendo hupunguzwa hata zaidi. Hawatumii gitaa la besi. Kinanda chenye sauti ya kanisani ndicho kinachobeba muziki, na maneno yanayokoromwa kutoka kooni hayashikiki kwa urahisi, hivyo msikilizaji hubaki na huzuni isiyotajiwa sababu, na kipimo cha al-Ghazali kinamrudia yeye mwenyewe: ni huzuni ipi iliyokuwamo tayari moyoni mwake.

Bell Witch, watu wawili wa Seattle, Marekani, wanaopiga besi na ngoma, wanakipeleka kipimo cha al-Ghazali mahali pake pa hatari. Mpiga ngoma wao wa awali, Adrian Guerra, alifariki mwaka 2016, na mwaka uliofuata ikatoka Mirror Reaper, wimbo mmoja wa dakika 83, ambao katikati yake imewekwa sauti ya marehemu iliyorekodiwa zamani bila kutumika. Mkosoaji anaweza kuona humo kukataa kumwachia Mungu alichokichukua. Hata hivyo kumwomboleza mtu si lazima kuwe kuipinga kadari, na wimbo huu haudai arudishwe. Unakaa na kutokuwapo kwake hadi mwisho. Kwa hilo Agostino anajibiwa pia, kwa sababu huzuni hii haikubuniwa kwa ajili ya jukwaa na ina mtu wa kweli inayemhusu.

Msomaji anayetaka kuupima muziki huu kwa dhamiri yake aanze na Warning, azisikilize nyimbo zote tano kwa mpangilio wake, na aiache Mirror Reaper mpaka atakapopata dakika 83 zisizo na shughuli nyingine.