Ghala Limejaa, Mtoto Amedumaa

Upo msiba usiopigiwa yowe. Mtoto akifa kwa njaa, kijiji kizima hulia. Lakini aliyedumaa kwa kukosa chakula cha kuujenga mwili huonekana mzima, ila ni mfupi kuliko umri wake, na masomo humlemea. Huyo hana amliliaye.

Wengi hudhani haya ni mambo ya nchi kame. Sivyo. Uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 10 wa Tanzania Bara na Visiwani walio chini ya miaka 5, watatu hivi wamedumaa. Na Iringa, mkoa unaosifika kwa mavuno, ulikutwa na zaidi ya nusu. Basi hata sisi wa Tindiga, wilayani Kilosa, tuvunao mpunga na mahindi, tusijione salama kwa wingi wa magunia. Uji wa sembe tupu hushibisha tumbo, lakini protini, madini ya chuma na vitamini A yake havimtoshi mtoto. Nayo maharage na mayai, ambavyo vingemfaa, mara nyingi hupelekwa gulioni.

Je, mzazi wa namna hiyo ana hatia? Asiyejua hahukumiwi sawa na ajuaye. Mama aliyefundishwa kwamba mtoto akishiba amekwisha lishwa, ametenda alilolijua, tena kwa upendo. Lakini siku muuguzi wa kliniki anapomweleza, udhuru huo hukoma. Tena, je, umemkomea mama peke yake? Yeye amesikia, bali fedha za mavuno mara nyingi zi mkononi mwa baba, ambaye hakufika kliniki wala hakuuliza. Kutokujua kwa asiyetaka kujua si udhuru; ni kosa lenyewe.

Wala jambo hili halingoji. Deni la mbuzi laweza kulipwa mwakani. Deni la mtoto lina muda wake, yaani tangu mimba hadi atimize miaka 2. Baada ya hapo, kilichopotea ni shida kukirudisha.

Wazee walinena: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Sisi twadhani walisema juu ya adabu tu. Basi, enyi akina baba, kabla ya kushona magunia ya kuuza, tengeni kwanza fungu la mtoto: maharage yake, mayai yake, mboga zake. Hiyo si sadaka mnayompa. Ni haki yake.