Fuata Njia ya Mgonjwa

Mjukuu wangu,

Mama yako ameniambia unaingia mwaka wa tano na umeshaamua: unataka kuwa daktari bingwa wa magonjwa ya dharura. Nimefurahi kuliko nilivyoweza kukuambia kwenye simu, ndiyo maana nimeshika kalamu. Mimi nilikuwa tabibu wa zahanati hapa Chiwata mpaka nikastaafu, na enzi zetu kazi hiyo ya dharura haikuwa na mwenyewe. Aliyeletwa hajitambui alipokelewa na yeyote aliyekuwa zamu, na bahati yake ikamtegemea mtu huyo.

Wewe umekuta njia imeshafunguliwa. Idara ya dharura ya Muhimbili ilianza Januari 2010, na mwaka huohuo chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, MUHAS, kikaanzisha shahada ya uzamili ya fani hii. Wahitimu wa kwanza walitoka 2013. Utasoma miaka mitatu, ukishamaliza utarajali na kusajiliwa na Baraza la Madaktari. Fedha za UVIKO za 2021 nazo zilijenga majengo ya dharura katika hospitali nyingi za mikoa na wilaya. Majengo tunayo. Kinachotakiwa sasa ni watu wa kuingia humo wakijua mikono yao inaanzia wapi, na mwaka wako huu wa mwisho ndio wa kujifunza hilo.

Nakuomba uupange mwaka huo kwa kufuata njia ya mgonjwa tangu pale alipoanguka. Mwanafunzi wa Dar es Salaam humpokea mtu ambaye ameshapita hospitali ya Ndanda, ameshalala hospitali ya Ligula mjini Mtwara, ana kanula mkononi, na barua ya rufaa imekunjwa mfukoni mwa ndugu yake. Saa zilizoamua kama ataishi zimeshapita huku kwetu. Kama chuo kinakupa majuma ya kuchagua mwenyewe, usiyamalizie mjini. Njoo Ndanda, hospitali ya Mtakatifu Benedikto, au Mkomaindo pale Masasi, au Newala juu. Usidhani unashuka daraja. Dk. Leader Stirling alianza kupasua watu Lulindi, huku huku Masasi, mwaka 1935, na baadaye akawa Waziri wa Afya wa nchi hii.

Ukija, angalia msimu. Katikati ya mwaka watu wanapulizia mikorosho. Ataletwa kijana anatokwa mate na jasho, mboni za macho zimekuwa kama ncha ya sindano, kifua kinakoroma. Hiyo ni sumu ya dawa ya wadudu. Mvue nguo, muoshe, umpe atropini, uongeze mpaka kifua kikauke. Usidanganywe na mapigo ya moyo yanayokwenda mbio ukaacha mapema. Kuanzia Oktoba ni mavuno. Akina mama wanaokota korosho kwenye majani makavu na nyoka kifutu yumo humohumo. Aliyeumwa atafika mguu umefungwa kamba mpaka umekufa ganzi, maana ndivyo walivyofundishwa na wazee wetu. Usimgombeze aliyefunga, alitaka kuokoa. Bodaboda hawana msimu, wataletwa mwaka mzima.

Sasa rotesheni zako. Usiende tiba ya ndani, upasuaji, watoto na uzazi kama mtu anayepita tu akisubiri fani yake, kwa sababu fani yako imo ndani ya hizo nne. Ila ningekuwa na nguvu ya kukulazimisha jambo moja, ningekulazimisha kukaa na watu wa usingizi. Omba ruhusa, simama kichwani kwa mgonjwa kila asubuhi ya upasuaji, ujifunze kushika barakoa ya ambubegi. Kidole gumba na cha shahada vinaibana barakoa usoni; vitatu vilivyobaki vinaushika mfupa wa taya na kuuvuta juu. Taya inaletwa kwenye barakoa. Anayeanza huigandamiza barakoa usoni, ulimi unarudi nyuma, hewa inapita pembeni, kifua hakipandi. Tazama kifua, usitazame mkono wako. Nimeona watoto wakirudiwa na rangi yao kwa hilo peke yake, kabla hata dawa haijafunguliwa.

Uzazi nako, jifunze damu. Mama anayetoka damu baada ya kujifungua hana muda wa mashauri marefu. Utafiti uliotolewa 2017, ambao Tanzania nayo ilishiriki, ulionyesha kwamba dawa ya traneksamiki inapunguza vifo vya kutokwa damu, hasa akiipata ndani ya saa tatu. Hesabu mwenyewe saa tatu ni nini kwa mama aliyejifungulia kijijini wakati wa masika. Ndiyo maana ujue mfumo wa M-mama, wa usafiri wa dharura wa wazazi, unavyokwenda: nani anapiga 115, nani anapokea, na gari la kukodi la kijijini linaitwaje pale ambulensi inapokuwa mbali.

Kuna jambo linalonigusa zaidi, nalo ni la watoto. Vitabu vya ughaibuni vilifundisha kwamba mtoto mwenye homa kali aliyeishiwa nguvu, mzunguko wa damu umedhoofu, amwagiwe dripu kwa haraka. Watafiti wakaja kulipima hilo kwa watoto wetu zaidi ya 3,000 Kenya, Uganda na hapa Tanzania, hospitali ya Teule kule Muheza. Majibu yalitoka 2011. Kati ya waliopewa maji kwa kasi, zaidi kidogo ya 10 katika kila 100 walikuwa wamefariki ndani ya saa 48. Kati ya wasiopewa kwa kasi walifariki takriban 7. Soma utafiti huo wote, si muhtasari wake. Wengi wanaingia fani ya dharura kwa kupenda haraka. Wewe ingia ukijua kwamba kuna mtoto ambaye mkono wa haraka ndio unaomuua, na kwamba dawa inapimwa kwa mgonjwa wa hapa.

Vyeti usivikimbilie sana. Kimoja tu kitafute mapema, mafunzo ya msingi ya huduma ya dharura ya Shirika la Afya Duniani, yaliyojaribiwa hapa Tanzania, Uganda na Zambia kabla ya kutolewa 2018. Yanachukua siku chache, na muuguzi na daktari wanasoma pamoja. Kaa karibu na muuguzi huyo. Ndiye atakayekuwa na wewe saa tisa usiku, na mara nyingi ndiye aliyemwona mgonjwa anabadilika kabla yako. Mwamkie.

Na andika barua ya rufaa kwa mwandiko unaosomeka: saa aliyoumia, saa uliyompokea, ulichompa na kiasi gani, alivyokuwa akiondoka. Anza kuziandika sasa, umpe daktari bingwa azisahihishe.

Barua ya kuomba nafasi Ndanda ipeleke mapema, ipitie kwa mkuu wa idara yako. Ukifika, siku ya kwanza usianzie wodini. Lala hapa nyumbani, asubuhi panda bodaboda kutoka Chiwata kuteremka Ndanda, utazame saa yako. Muulize dereva alishawahi kubeba mgonjwa, alimwekaje, nani alimshikilia kwa nyuma, na walipofika getini aliambiwa nini. Atakachokujibu kiandike.