Mwenye Msitu ni Nani?

Mtu akinunua mbuzi katika soko la Mulongo, hapana haja ya mabishano. Ametoa fedha, amepokea kamba, na mbuzi ni wake. Akitaka atamfuga, akitaka atamchinja awakaribishe jamaa zake. Lakini mtu akisema, "Nimenunua msitu," hapo ndipo maswali yanapoanza. Amenunua nini hasa? Amenunua udongo, au miti, au wanyama wapitao humo usiku, au nyuki waliojificha ndani ya magogo? Na mama ambaye tangu utoto wake aliingia humo kuokota uyoga na viwavi, je, haki yake nayo imeuzwa siku ile, yeye mwenyewe asijue?

Swali hili si la mahakimu peke yao. Ni swali la dhamiri, nalo litazidi kuulizwa, kwa maana misitu inapungua na watu wanaongezeka. Yafaa lichunguzwe polepole, bila hasira.

Ili lieleweke, na atazamwe mtu wa mfano. Mulongo uko kando ya mto Lualaba, katika mkoa wa Haut-Lomami, na wengi wa wenyeji wake hupata riziki kwa samaki. Samaki hukaushwa kwa moshi kabla ya kupelekwa mbali, na moshi hautoki pasipo kuni. Mtu huyu alifanya biashara ya samaki miaka mingi, akaweka akiba. Badala ya kununua pikipiki ya pili, aliomba msitu wa miombo ulio katika nchi kavu, mbali na mabwawa ya mto, akalipa yaliyotakiwa, akapewa hati. Ndani yake wangaliko paa wadogo, nguruwe wa mwituni, kanga, nyani, na pengine kakakuona. Aliupenda kwa sababu alikumbuka misitu ya utoto wake ambayo sasa ni majani matupu. Akaweka alama mpakani, akasema: "Tangu leo hapana kukata, hapana kuwinda, hapana kuchoma moto." Jirani zake wakanung'unika: "Huyu ametunyang'anya pori la babu zetu." Naye akajibu: "Ninyi mngelimaliza." Nani kati yao ana haki?

Kwanza yapasa kujua sheria inasema nini. Sheria ya ardhi ya Kongo ya tarehe 20 Julai 1973 inasema kwamba ardhi ni mali ya Serikali, wala haiuzwi. Raia wa Kongo anaweza kupewa haki ya kuitumia daima, na watoto wake wakairithi haki hiyo. Lakini udongo wenyewe unabaki wa Serikali. Sheria ya misitu ya mwaka 2002 inamtambua mwenye haki hiyo kuwa mwenye miti iliyo ndani ya mipaka yake. Wanyama wa mwituni ni jambo jingine: uwindaji una sheria yake ya mwaka 1982, na hati ya ardhi si ruhusa ya kuwinda. Tena, kabla ardhi ya vijijini haijatolewa, yapasa uchunguzi ufanywe papo hapo, ili ijulikane kama kuna wengine wenye haki juu yake.

Basi neno "nimenunua" ni neno la mazoea tu. Mtu huyu hana msitu kama alivyo na pikipiki. Ana haki fulani, yenye mipaka. Na mengi yaliyo ndani ya msitu hayaandikiki katika hati. Paa hajui mpaka. Moto hausomi alama. Nyuki hula maua ya upande huu na kuweka asali upande wa pili.

Wala jirani zake hawanung'uniki bure. Katika nchi hii watu wamekwisha kuona jinsi karatasi iwezavyo kufuta haki. Tarehe 1 Julai 1885 Dola Huru ya Kongo, iliyokuwa chini ya Leopold II mfalme wa Ubelgiji, ilitangaza kwamba ardhi "tupu" ni ya Dola. Lakini pori lisilolimwa halikuwa tupu: lilikuwa ghala la asali, la dawa, la nyama na la kuni, tena mahali pa kupumzishia mashamba yaliyochoka. Mwaka 1900 ikaundwa Kamati Maalum ya Katanga, iliyokabidhiwa usimamizi wa ardhi ya Katanga. Mwaka 1939 ikaanzishwa Hifadhi ya Upemba, kusini mwa Mulongo, yenye ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 10,000. Hifadhi hiyo imewaokoa wanyama wengi, na punda milia wa mwisho wa Kongo huishi huko. Lakini kwa vijiji vya kandokando ulikuwa mlango mmoja zaidi uliofungwa. Mwenye hati asahauye historia hii atashangaa bure alama zake ziking'olewa usiku.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, aliuliza kama ni halali mtu kuwa na kitu kilicho chake mwenyewe. Akajibu kwa kutenganisha mambo mawili. Kwa habari ya kusimamia na kugawa, ni halali, tena yafaa: kila mtu hutunza kilicho chake kwa bidii kuliko kilicho cha wote, kazi huenda kwa utaratibu, kila mtu akijua sehemu yake, na ugomvi hupungua. Lakini kwa habari ya kutumia, mtu asikihesabu kitu kuwa chake peke yake, bali awe tayari kuwashirikisha wenye shida. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, ulirudia kwamba mema ya dunia yamekusudiwa watu wote. Na Papa Fransisko, katika barua yake Laudato si' ya mwaka 2015, alieleza kwamba deni hilo lawahusu hata watakaozaliwa baadaye, na kwamba viumbe vyote vina thamani yao mbele ya Mungu, hata visipomletea mtu faida.

Tofauti hiyo ya Mtakatifu Tomaso huwajibu wote wawili, mwenye hati na jirani zake.

Jirani husema: "Pori ni la wote, basi kila mtu aingie na achukue." Lakini hivyo sivyo walivyofanya wazee. Pori lao lilikuwa na mkuu wa ardhi, lilikuwa na majira yake na miiko yake. Huko pwani ya Kenya Wamijikenda walizilinda kaya zao, yaani misitu mitakatifu, chini ya mabaraza ya wazee, pasipo hati ya mtu mmoja. Na mwaka 2008 UNESCO ilizitia katika orodha ya urithi wa dunia. Kinachomaliza msitu si ushirika, bali ushirika uliopoteza kanuni zake. Mchoma makala hutoka mbali, hukata, hujaza magunia, huondoka. Hana mzee wa kumwuliza wala mtoto wa kurithi mahali pale. Mti wa mukula ulikatwa sana Katanga kwa sababu ya mbao zake nyekundu zilizotakiwa ng'ambo, hata mwaka 2019 mataifa yakauweka katika orodha ya miti ambayo biashara yake lazima isimamiwe. Kijiji kilichouona mukula wake ukipita juu ya malori, kilipata faida gani ya kudumu?

Hata moto mmoja watosha kuwatia hasara wote. Huko Ndola, katika nchi iitwayo leo Zambia, majaribio yalianza mwaka 1933. Sehemu moja ya miombo ilichomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi, nyingine ilichomwa mapema majani yangali mabichi, na nyingine ilikingwa na moto kabisa. Ile ya kwanza ikageuka polepole kuwa majani yenye miti michache. Ile ya pili ikabaki msitu. Ile ya tatu ikazidi kusongamana. Basi anayewasha moto mwezi wa tisa ili panya watoke, anachoma pia miche ambayo ingekuwa miti ya wajukuu wake, na majani ambayo viwavi wangekula mvua zikianza. Mchuma janga hula na wa kwao.

Kwa hiyo yupo mtu anayepaswa kusema "hapana", na neno hilo likisemwa kwa haki si uchoyo. Kakakuona kwa kawaida huzaa mtoto mmoja tu kwa mara moja. Mwaka 2016 mataifa yalikubaliana kukataza biashara ya kimataifa ya kakakuona wa kila aina, kwa kuwa walikuwa wakiisha. Mtego wa waya hauchagui: hukamata dume, hukamata na jike mwenye mimba. Pasipo mlinzi, msitu wenye wanyama huwa msitu mkimya katika miaka michache.

Sasa yaja hoja nzito kuliko zote. Mtu atasema: "Mtoto wangu ana njaa, nawe wanizuia kumpiga paa. Je, paa ana thamani kuliko mtoto?" Jibu la walimu wa Kanisa ni wazi tangu zamani: aliye katika hatari ya kufa, akitwaa kile kitakachomwokoa, si mwizi. Mwenye msitu amwonaye mtu wa namna hiyo, kisha akamkabidhi kwa askari, ndiye mwenye hatia.

Lakini shida nyingi si za namna hiyo. Ni ada ya shule itakayodaiwa Jumatatu, ni dawa, ni sabuni na chumvi. Mchoma makala ajua vema kwamba msitu unakwisha. Hata hivyo gunia moja la makala ni fedha ya leo. Kumwambia, "Ngoja, msitu huu utawafaa watoto wako," ni kusema kweli. Lakini kweli hiyo ni nyepesi kinywani mwa mtu aliyeshiba.

Hapa ndipo ilipo mizani ya jambo lote: nani analipa gharama ya msitu usiokatwa? Mwenye hati hupata heshima, hupata kivuli, husikia kanga asubuhi. Mama aliyekuwa akiokota kuni humo sasa hutembea mwendo mrefu zaidi, mzigo kichwani. Ikiwa msitu umehifadhiwa kwa miguu ya mama huyo, basi yeye ndiye aliyeulipia, na mwenye hati amepokea sifa ya sadaka isiyo yake.

Kwa hiyo atakaye kuutunza msitu kwa haki na achukue sehemu kubwa ya gharama yeye mwenyewe. Kabla ya kuweka alama, na akae na wazee, waonyeshe makaburi, njia na visima. Awaachie akina mama uyoga katika majira yake, na viwavi pia, ila mti usiangushwe kwa ajili ya kuviokota. Awaachie kuni kavu zilizoanguka, kwa kuwa moto wa kukaushia samaki hauzimiki kwa amri. Vijana ambao jana walitega waya, awape kazi ya mshahara ya kufyeka njia za kuzuia moto na kulinda mpaka. Mzinga wa gome huua mti. Basi alete mizinga ya mbao, na asali igawanywe. Shina la mwombo lililokatwa huchipuka tena likikingwa na moto. Basi pembeni mwa msitu pawe na sehemu ya kukata kwa zamu. Kazi hizi zitamsaidia hata mbele ya sheria, kwa maana sheria ya ardhi humtaka mwenye haki aendeleze alichopewa, na wako wanaodhani kwamba msitu uliosimama ni dalili ya uvivu.

Jirani nao wana wajibu wao. Wasiwashe moto ovyo, wasitege waya, wasimfiche mgeni ajaye na msumeno usiku. Tena njia ya haki iko wazi kwao pia: kwa amri ya tarehe 2 Agosti 2014, kijiji au jamii ya wenyeji yaweza kuomba msitu wake yenyewe, hata kufikia hekta 50,000, pasipo kikomo cha miaka. Msitu wa mtu mmoja na msitu wa kijiji vyaweza kukaa jirani na kufundishana. Karibu na Lubumbashi, katika hifadhi ya binafsi ya Mikembo, wataalamu walipima hekta 10 za miombo na kuitambua miti yake mmoja mmoja. Mahali palipotunzwa na mtu mmoja pamekuwa shule ya wengi.

Basi mwenye msitu ni nani? Hati hujibu nusu ya swali. Nusu ya pili itajibiwa siku moja mwishoni mwa kiangazi, upepo ukivuma na moshi ukionekana upande wa mpaka. Mtu mmoja hawezi kuuzima moto wa pori, hata awe na hati ngapi. Jirani wakikaa barazani wakitazama, kesho yake mwenye hati atakuwa na majivu yaliyoandikwa kwa jina lake. Lakini wakitoka mbio na matawi mabichi, akina baba na vijana, na yule mama wa uyoga akileta maji, hapo itajulikana kwamba alitunza kwa haki. Na jambo hilo hatalipata siku ya moto asipolitafuta tangu siku ile ya kwanza alipoweka alama.