Alipokelewa na Nani?

Roger Conant alibatizwa tarehe 9 Aprili 1592 katika kijiji cha East Budleigh, kusini-magharibi mwa Uingereza. Alivuka Atlantiki akiwa mtu mzima, na mwaka 1626 akawaongoza wenzake wachache hadi mahali ambapo wenyeji walipaita Naumkeag. Waingereza wakapaita Salem. Alifariki mwaka 1679. Wazao wake leo wanaweza kufuata nyayo zake karatasi baada ya karatasi: daftari la kanisa, kumbukumbu za mahakama, hati za viwanja, wosia. Tangu mwaka 1913 ana sanamu mjini Salem, amevaa joho refu na kofia pana. Kwa kipimo cha watafutaji wa nasaba, huyo ni babu aliyepatikana.

Sasa tutazame Gitega. Mwaka 1912 Wajerumani walihamishia huko makao ya utawala wao wa Urundi kutoka Usumbura, ambayo ndiyo Bujumbura ya leo. Pamoja na boma walikuja askari, wapishi, wakalimani na wapagazi, na nyuma yao wakafuata wachuuzi. Walitoka Ujiji, Tabora, Manyema na pwani, na kilichowaunganisha ni Kiswahili. Muyinga nayo, iliyo karibu na mpaka wa Tanzania, ilipata watu wake wa namna hiyo. Mpaka leo miji yote miwili ina jamii inayoitwa Waswahili, jina ambalo kwa Warundi wengi maana yake ni Waislamu wa mjini. Jamii hiyo nayo ina babu wa kwanza: mtu aliyetua mzigo siku moja, akakaa, wala hakuubeba tena. Huyo hana cheti cha ubatizo, hana wosia, hana sanamu.

Je, maisha yake yana maana pungufu kuliko ya Conant? Kila mwungwana atajibu hapana. Lakini jibu linalotolewa kwa adabu tu halina nguvu ya kumfanya mtu asimame na kutafuta. Inatupasa tuseme kwa nini hapana, na tukishasema, tujue tumtafute wapi.

Watu hawa wawili hawako mbali kama ramani inavyoonyesha. Mji alioanzisha Conant ulikua ukawa bandari ya wafanyabiashara wakubwa, na wajukuu wa walowezi wale wakafika Zanzibar. Mwaka 1833 Marekani ilitia saini mkataba wa biashara na Sayyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, na mwaka 1837 balozi mdogo wa kwanza wa Marekani akawasili Unguja: Richard Waters, mfanyabiashara wa Salem. Kitambaa cha pamba kilichoshushwa na meli zao ndicho merikani, kilichobebwa kwa vichwa na mabega hadi Tabora na Ujiji, na kutumika njiani kama fedha. Hata pale nguo za Bombay zilipokuja kuipiku sokoni, merikani ilikuwa imekwisha kuzoeza bara zima njia za misafara. Babu wa Gitega na babu wa Salem wamo katika biashara moja ya dunia. Mmoja ameandikwa kwa sababu alikuwa upande wa wenye daftari. Mwingine alikuwa upande wa mzigo.

Hata hivyo si kweli kwamba hakuacha alama yoyote katika maandishi. Wamisionari wa Afrika, wale Mapadri Weupe, walifungua kituo cha Muyaga mwaka 1898, huko mashariki, na cha Mugera karibu na Gitega mwaka 1899. Padri mmoja wao, Mholanzi Johannes van der Burgt, alichapisha mwaka 1903 kamusi ya Kifaransa na Kirundi yenye makala 196 kuhusu nchi na watu wake. Kamusi hiyo inatoa pia, kwa ufupi, maana za Kiswahili na Kijerumani. Tulitafakari jambo hilo. Kijerumani kimo kwa sababu Wajerumani ndio waliotawala. Kiswahili kimo kwa sababu gani? Kwa sababu kati ya padri na Mrundi, tangu siku za mwanzo, alikuwapo mtu wa tatu aliyefasiri, aliyeongoza njia, aliyeuza chumvi na nguo. Padri ametia jina lake kwenye jalada. Mtu wa tatu yumo ndani ya kitabu kizima, na hana ukurasa wake.

Hapo ndipo tunaona kwamba maandishi hayahifadhi maana ya maisha. Yanahifadhi mahali ambapo maisha yaligusana na mamlaka. Mtu huandikwa akilipa kodi, akishtakiwa, akibatizwa, akinunua kiwanja. Conant tunamjua vizuri zaidi mahakamani kuliko mezani kwake. Anayedhani kwamba akizikusanya hati zote atakuwa amempata babu yake, atakuwa amepata orodha ya siku ambazo babu yake alitakiwa kujieleza mbele ya wakubwa.

Basi tutafute kwa swali jingine. Burundi inalo, na ni la zamani. Katika milima ya nchi hiyo, mtu hutambulishwa kwa mlima wake na kwa itongo, yaani ardhi ya ukoo aliyozaliwa juu yake. Jina halisaidii sana, kwa sababu Mrundi kwa desturi hakurithi jina la baba. Ukimkuta Bukuru unajua ni pacha wa kwanza na kwamba yuko Butoyi mahali fulani. Ukimkuta Nyandwi unajua ni mtoto wa saba. Baba yake humjui. Kwa hiyo nasaba haifuatwi kwa karatasi ya jina moja linaloshuka kutoka kizazi hadi kizazi. Inafuatwa kwa kuuliza wazee: mtu huyu alikaa wapi, na nani alimpa pa kukaa?

Kulikuwa na mfumo mzima wa jambo hilo, ubugererwa. Mgeni asiye na ardhi alimwendea mwenye ardhi, akapewa sehemu ya kulima, na kama malipo alipeleka pombe na kutoa siku za kazi. Tusiupambe. Deni hilo lilirithiwa na watoto, liliwaweka watu chini ya watu, na serikali ilifanya vyema kuufuta mfumo huo mwaka 1977. Lakini ndani ya ubaya wake ulikuwa na jambo moja ambalo hati za Salem hazina: mgeni hakuweza kusahau aliyempokea. Kila msimu alibeba mtungi na kupanda kwake. Mahali pake duniani palikuwa na uso wa mtu.

Conant na wenzake walifika Naumkeag miaka michache baada ya maradhi ya mwaka 1616 hadi 1619 kuwafyeka wenyeji wa pwani ile. Waliona ardhi iliyopungukiwa watu, wakajenga. Mwaka 1680, Waingereza wazee wa Salem waliapa kwamba wenyeji waliwaruhusu kwa hiari kujenga na kulima. Mwaka 1686, miaka 60 baada ya kufika, ikaandikwa hati ya kununua ardhi ile kwa warithi wa wenyeji, kwa pauni 20. Ilikuwa miaka miwili tangu mfalme wa Uingereza afute mkataba wa koloni, na watu walikuwa na wasiwasi na viwanja vyao. Mwenyeji alikumbukwa pale mlowezi alipohitaji shahidi. Ukizisoma hati hizo kwa swali la nani alimpokea, kumbukumbu nyingi za Salem ya zamani zinakuwa nyembamba ghafla.

Tusijipendelee sisi pia. Babu wa Gitega, ukimwuliza nani alimpa kiwanja, mara nyingi jibu lake la kwanza ni boma. Mwami, yaani mfalme, Mwezi Gisabo aliwazuia wafanyabiashara wa watumwa wasiingie nchini mwake, akamshinda hata Mohamed bin Khalfan wa Ujiji, aliyeitwa Rumaliza. Milango ilifunguka kabisa baada ya mwami kukubali ukuu wa Wajerumani huko Kiganda, Juni 1903, kwa nguvu ya bunduki. Walowezi wa Kiswahili walikuja katika kivuli cha bunduki hizo, na baadhi yao ndio walizibeba. Mjukuu anayemtafuta babu shujaa peke yake atafute mahali pengine. Kisha Wabelgiji wakaja mwaka 1916, na mambo yakageuka: utawala mpya uliegemea misheni, ukautazama Uislamu kwa jicho la shaka, na Mswahili akabaki mtu wa mtaa wake, si wa mlima wowote. Aliyepewa mahali na serikali moja, serikali nyingine inaweza kumwambia si pake.

Lakini boma halikumpokea mtu. Boma lilimwajiri. Aliyempokea ni mwingine. Ni mwanamke wa mlimani aliyekubali kuishi naye, jirani aliyemwuzia maharage na ndizi, mzee aliyesimama kama shahidi siku ya posa. Wapagazi na askari hawakusafiri wote na wake zao. Watoto wao walijifunza Kiswahili kwa baba na Kirundi kwa mama, na ndiyo maana mitaa hiyo inazungumza lugha zote mbili bila kuona ajabu. Hapa ndipo babu wa Gitega na Muyinga anapoachana kabisa na Conant. Walowezi wa Salem walioana wao kwa wao na kujenga England nyingine. Mswahili alioa mlima.

Tukifika hapo, njia ya utafutaji inageuka. Familia nyingi za Waswahili wa bara hutafuta asili upande wa baba, wakielekea mashariki: kisiwa fulani, mji fulani wa pwani, ukoo wenye sifa. Safari hiyo ina utamu wake, na mara nyingi huishia kwenye ukungu. Kumbe nusu ya jibu iko karibu, hatua chache kutoka mjini. Bibi alikuwa na mlima, mlima una itongo, na itongo lina majirani wanaojua mpaka umepita wapi na ulianza lini. Abashingantahe, wazee wa hekima ambao kazi yao ni kusuluhisha na kushuhudia, walihifadhi mambo hayo kwa mdomo muda mrefu kabla ya mtu yeyote kuleta daftari.

Kuna atakayesema huu ni mchezo wa watu wenye nafasi. Burundi haina anasa hiyo. Wakimbizi wa mauaji ya mwaka 1972 waliporudi kutoka Tanzania, wengi walikuta mashamba yao yana watu wengine, na mwaka 2006 ikaundwa tume ya taifa ya kuamua migogoro ya ardhi na mali. Huko, swali la nani alikaa wapi na kwa ruhusa ya nani liliamua kama familia italala ndani au nje. Na mapema mwaka 2020, huko Karusi, kwenye njia inayotoka Gitega kwenda Muyinga, Tume ya Ukweli na Maridhiano ilifukua makaburi ya halaiki yenye mabaki ya watu zaidi ya 6,000. Vilivyosaidia kuwatambua baadhi yao ni nguo, miwani na rozari. Miwani haina jina. Inahitaji mtu aliye hai, aliyewahi kumwona baba akiivaa, aseme ni yake. Ushahidi wote wa dunia hii, uwe wa udongo au wa karatasi, ni bubu mpaka apatikane mtu aliyempokea yule aliyekwenda.

Kwa hiyo narudi kwenye hukumu niliyoiahirisha. Maisha ya babu asiyeandikwa hayana maana pungufu, kwa kuwa maana ya maisha ya mlowezi haikuwahi kukaa katika kuandikwa kwake. Iko katika mapokezi: nani alimfungulia, naye alimlipa nini. Kwa kipimo hicho Conant mwenye sanamu bado ana deni kwa watu wa Naumkeag, na mpagazi asiye na kaburi linalojulikana huenda alikwisha kulilipa lake kwa jembe, kwa ndoa na kwa watoto. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Aliyeshika jembe siku ya tatu hakuwa mgeni tena, hata kama hakuna karani aliyeliandika hilo.

Wewe mwenye bibi au shangazi aliye hai Gitega, Muyinga, Kigoma au Uvira, usimwulize tu babu alitoka wapi. Mwulize nani alimpa pa kulala usiku wa kwanza, nani alisimama naye alipoposa, na ni kwenye mlima gani alianza kuitwa mkwe. Andika majina ya wenyeji hao kwanza, halafu ndipo uandike la babu. Fanya hivyo mwaka huu, kwa maana wanaoyajua majina hayo ni wazee.